Kitenzi Nilichokwenda Nacho Likizo

Nilikuwa kidato cha pili katika sekondari moja ya bweni pale Nachingwea, katikati ya miaka ya tisini, tulipopata mwalimu mpya wa Kiingereza. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa Kagera, mwenye sauti ndogo iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Aliyemtangulia alikuwa akijaza ubao kwa maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na maana zake upande wa kulia, sisi tunanakili, kisha tunakariri huku tunayumba kama watoto wa madrasa. Mwalimu mpya alitusikiliza tukikariri siku mbili tatu, halafu akatuuliza swali ambalo halikuwamo katika daftari la yeyote.

"Maana ya neno mnaijua. Haya, nani amewahi kulikuta neno hilo nje ya darasa, limeandikwa na mtu mwenye haja nalo?"

Kiingereza kwetu kilikuwa kitu cha kujibia mitihani. Ukitoka geti la shule ulikuta Kiswahili sokoni, na ukifika nyumbani ulikuta Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, kutegemea wazazi wako wametokea upande gani.

Siku ya kufunga shule, likizo ya Juni, aliingia darasani na kikapu cha ukili chenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila kikaratasi kilikuwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza, vile vya kawaida kabisa. Akatupitishia tuchukue, kisha akatoa masharti. Twende na kitenzi nyumbani, tukitafute katika maandishi ya watu wengine, si katika kitabu cha shule wala kamusi. Tukikiona, tunakili sentensi nzima kama ilivyo na tuseme tumeikuta wapi. Chini yake tuandike Kiswahili.

"Sitaki Kiswahili cha kamusi," alisema. "Mama yako akikuuliza, 'Hapo pameandikwa nini?' unamjibu nini? Hicho ndicho ninachokitaka."

Rafiki yangu aliyelala kitanda cha juu yangu alipata "break". Alicheka sana. "Mimi sina shida," alisema. "Kwetu hakuna kitu kizima."

Nilikunjua changu nikakuta "keep". Sikufurahi. Wenzangu walikuwa wamepata kukimbia, kuvunja, kukata, vitenzi ambavyo mtu anaviona vikitendeka. Hiki changu nilikijua kwa maana moja niliyoikariri kutoka ubaoni: kutunza. Niliona wazi nitarudi na karatasi tupu.

Kutoka Nachingwea kwenda kijijini kwetu, huko Ruangwa upande wa Mbwemkuru, siku hizo ulipanda lori la bidhaa za maduka. Wakati tunasubiri lipakiwe nilizunguka nyuma yake, nikaona maandishi ya rangi nyeupe kwenye bodi: KEEP DISTANCE. Lori lile nilikuwa nimelipanda mara nyingi na sikuwahi kuyasoma. Nikatoa daftari nikanakili, halafu nikakwama palepale. "Distance" nilijua ni umbali. Tunza umbali? Umbali unatunzwaje?

Dereva alikuwa akigongagonga matairi kwa chuma. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa huku kwetu, aliyewahi kuendesha magari Dar es Salaam kabla hajarudi nyumbani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unaandika gari yangu? Umetumwa na trafiki?"

"Hapana, nanakili haya maneno tu. Ni kazi ya shule. Wewe ukiyaona unayaelewaje?"

Alikuja akasimama kando yangu, akayatazama kama anayeyaona mara ya kwanza. "Hayo yanamwambia wa nyuma asinisogelee. Nikishika breki ghafla ataniingia."

Nikaandika: asinisogelee. Papo hapo nikaona jambo la ajabu. Kiingereza kilikuwa kinamwambia mtu afanye kitu. Dereva, kwa kusema yaleyale, alikuwa anamwambia mtu asifanye.

"Na huko Dar yapo mengine kama haya?"

"Kiingereza? Kimejaa. Ila mimi sikusoma, binti. Nilichokuwa nakijua ni mataa, zebra na kipilefti."

"Kipilefti ndiyo nini?"

"Hujui kipilefti? Ule mduara wa katikati ya barabara. Magari yanauzunguka, kila mmoja ameshika kushoto kwake."

Nilimwomba alitamke neno lile tena, polepole. Alipolirudia nikalitambua. Nikamweleza kwamba hilo ni Kiingereza kitupu: keep left. Nikasema huenda zamani kilisimama kibao cha kuwaambia madereva washike kushoto, watu wakakisoma wakadhani ndilo jina la mduara wenyewe.

Dereva alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kipilefti ni Kiswahili. Kimoja kipilefti, viwili vipilefti. Kiingereza kina vi?"

Hoja yake ilikuwa nzuri. Niliandika "keep left" kwa penseli na alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa nilikuwa nimeisikia tu, sikuiona imeandikwa. Halafu nikapanda juu ya magunia ya chumvi. Njia nzima sikuhisi vumbi wala mashimo. Neno nililodhani halina kwao huku kwetu lilikuwa limeshaingia katika Kiswahili, limepewa ngeli, linaoa na kuolewa, na hakuna aliyeliuliza limetoka wapi.

Baba alikuwa Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta. Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa mgongoni mwa bibi yangu wakati wa vita vya kule. Nilipowaeleza kazi niliyokuja nayo, mama alicheka. Baba hakucheka.

"Yaani umepewa neno ulitafute kama mtu aliyepotelewa na mbuzi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi tangaza. Mbuzi akipotea anatangazwa."

Jioni ileile, baada ya swala, aliwaambia wenzake nje ya msikiti, na kesho yake watu walianza kuja. Hakuna aliyejua Kiingereza, kwa hiyo walileta chochote chenye herufi: karatasi za sabuni, betri, kopo la maziwa ya unga, pampu ya baiskeli. Nilikaa kwenye mkeka nasoma kimoja baada ya kingine.

"Hamna?"

"Hamna."

"Basi, nitaangalia tena nyumbani."

Walikuwa wanasikitika kweli, kama wameshindwa kunisaidia jambo kubwa. Siku ya pili mtu alileta boksi la vidonge lililotupwa na zahanati, na ndani ya mstari mdogo kabisa mlikuwa na KEEP IN A COOL DRY PLACE. Hapo kutunza kulikaa vizuri. Mama alishangilia kuliko mimi.

Kisha akaja jirani yetu mmoja, mwanamke aliyejulikana kijijini kwa uso mkavu. Hakuwa mkali, ila kicheko hakikuwa kawaida yake. Alisimama mbele yangu, akashusha khanga mabegani. Ndani alikuwa amevaa fulana ya mtumba.

"Nisome," alisema.

Kifuani pake palikuwa na KEEP SMILING.

"Inasemaje?"

"Inasema uendelee kutabasamu."

"Nani, mimi?"

"Yeyote anayeisoma."

Alijitazama kifuani. "Nimeivaa msibani hii," alisema polepole. "Nimekwenda nayo kuzika, watu wote wananitazama hapa." Halafu kicheko kikamtoka, kikamshinda, ikabidi akae kwenye kinu kilichokuwa kimelala pale nje. Mama naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Yule jirani alipotulia aliniuliza jambo ambalo mimi, na masomo yangu, sikuwa nimeliona.

"Mbona wananiambia niendelee? Mtu anaambiwa aendelee akiwa ameshaanza. Wao walijuaje kama nilikuwa nimeanza?"

Niliandika swali lake neno kwa neno chini ya sentensi.

Mzee mmoja aliyefuga kuku wengi alinipeleka bandani kwake. Mlango wa banda ulikuwa kipande cha bati nene la zamani, na juu yake, chini ya kutu, zilisomeka herufi kubwa: KEEP OFF THE. Hapo bati lilikuwa limekatwa. Alilichukua Nachingwea ujana wake, walipokuwa wanaing'oa ile reli ya Waingereza ya wakati wa mradi wa karanga.

"Inasema mtu akae mbali," nilimwambia.

"Mbali na nini?"

"Hicho ndicho kilichokatwa. Nusu nyingine iko wapi?"

"Nilimpa shemeji yangu wa Nanganga, akatengenezea karai."

Tulicheka, lakini jambo lile lilimkaa rohoni. Kuku wake walikuwa wanapita kwenye katazo miaka yote ile na yeye hajui wamekatazwa nini. Alikutana nami kisimani akaniuliza kama huenda ni reli. Akakutana nami dukani akauliza kama huenda ni moto. Mwishowe alimwagiza mtu aliyekuwa anakwenda Nanganga aulize. Jibu lilirudi kwamba karai lilitoboka siku nyingi na hakuna anayejua lilitupwa wapi. Nikaiandika sentensi ile hivyohivyo, haina mwisho.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu pamoja na wajukuu zake wawili. Mume wake alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno ya moja kwa moja, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera kiasi kwamba ukimsikiliza ulilazimika kuvuka huku na huku pamoja naye. Asubuhi moja nilikwenda naye shambani kuvuna mbaazi. Jua lilipopanda tukakaa kivulini, akanipa dumu la plastiki, la lita tano, ambalo kila siku alibebea maji ya kunywa.

Niliinua kwa mikono miwili nikanywa. Dumu likiwa mbele ya macho yangu, niliona karatasi iliyogandana nayo, imefifia, yenye maandishi madogo mekundu. KEEP OUT OF REACH OF CHILDREN. KEEP AWAY FROM FOOD, DRINK AND ANIMAL FEED.

"Shangazi!" nilipiga kelele, maji yananitoka mdomoni. "Nimezipata! Mbili kwa mpigo!"

Naye akafurahi. Nilitoa penseli nikaanza kunakili nimepiga magoti, wajukuu wamenizunguka. Nilikuwa nimefika kwenye "drink" mkono wangu ulipopunguza mwendo wenyewe. Nikasoma tena tangu mwanzo.

"Pameandikwa nini?" shangazi aliuliza.

Lilikuwa swali lilelile la mwalimu, tena limetoka mahali pake hasa, na mimi nilitamani lisingeulizwa.

"Ya kwanza inasema weka mahali ambapo watoto hawafiki. Ya pili inasema weka mbali na chakula na kinywaji."

"Weka nini?"

Nikatazama. "Hapa hapakuandikwa."

"Hapakuandikwaje? Sisi tukisema tunasema iweke, liweke, viweke. Mtu anajua unamwambia habari ya nini. Hawa wanasema weka dawa au weka dumu?" Alilichukua akaligeuza mikononi. "Kama ni dawa, dawa ilikwisha. Tuliimalizia mikoroshoni, mume wangu akiwa hai. Dumu nimelisugua kwa mchanga na majivu, nikalianika mpaka harufu ikatoka."

Nilitafuta katika sentensi kiungo kidogo kama kile alichokitaja, kile kijisilabi ambacho kwetu hata mtoto mdogo hawezi kukisahau, na sikukiona. "Keep away" ilianza tu, bila kusema inashika nini. Nilijua maana ya kila neno lililokuwa pale na sikuweza kumjibu. Shangazi hakuwa anabisha. Aliuliza swali lililokuwa lazima liulizwe.

"Sijui, shangazi."

Hakuyamwaga maji. Lakini mjukuu mdogo aliponyoosha mkono kutaka kunywa, alilisogeza dumu nyuma ya mgongo wake akawaambia watoto waende wakanywe kwenye kisima cha jirani. Tulivuna mpaka mchana na hakuna aliyeligusa.

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, kwa hiyo bwana shamba alikuwa anapita vijijini. Alipofika kwetu, watu walikusanyika kwenye ghala la chama cha ushirika. Alizungumza habari za salfa na za mikorosho mizee. Alipouliza kama kuna swali, shangazi alisimama, akamfuata na dumu lake mkononi.

"Mtoto wetu amesoma hapa," alisema. "Pameandikwa weka mbali na chakula. Nataka kujua, weka nini?"

Bwana shamba, kijana wa miaka thelathini hivi, alilichukua akasoma. Akarudia kusoma. "Dawa," alisema. Kisha akaongeza, "Na chombo pia, mama. Plastiki inanyonya. Hata ukiosha vipi, haifai kwa maji wala mafuta wala chumvi."

"Mbona hamkutuambia?"

"Imeandikwa, mama."

"Imeandikiwa nani?"

Niliogopa atakasirika. Lakini bwana shamba aliinamisha kichwa, akasugua ile karatasi kwa kidole gumba. "Kusema kweli," alisema, "hata mimi sijawahi kuisoma mpaka chini." Halafu akauliza ni nani mwingine mwenye madumu ya namna hiyo nyumbani. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi, na mmoja ulikuwa wa baba. Akawaambia wayatoboe na kuyafukia, yasitumike tena kwa lolote.

Siku zilizofuata watu walitoboa. Shangazi hakutoboa. Dumu lake alilining'iniza ndani, kwenye nguzo karibu na kitanda, tupu. Baba alipomuuliza alisema, "Marehemu alilibeba kutoka Mtwara. Alilitua hapo mlangoni, na hakusafiri tena." Baba hakumuuliza mara ya pili. Mimi nilijihisi kama mtu aliyeingia ndani kwa watu na viatu. Nilikuwa nimetafuta neno tu, kwa ajili ya maksi.

Asubuhi moja nilimkuta uani ameliweka mapajani, anapasha msumari kwenye makaa. Alilitoboa tundu nyingi, akatia kokoto ndani, akalifunga kamba. Tukaenda naye kwenye shamba la mihogo lililokuwa linasumbuliwa na nyani, akalitundika juu ya mti mrefu alioutayarisha. Upepo wa Julai ulilitikisa, likalia. Nyani waliokuwa ukingoni mwa pori wakainua vichwa.

"Lakini shangazi," nilisema, "hapa si ni karibu na chakula?"

"Mihogo iko chini ya udongo," alinijibu. "Hapa liko karibu na wanaokuja kula." Akatazama likiyumba, na uso wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za likizo ile.

Baba alikuwa amenunua rangi. Alisema madumu ambayo bado yana dawa yaandikwe kwa Kiswahili, na kazi hiyo ni yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeanzisha. Dumu la kwanza niliandika WEKA MBALI NA CHAKULA. Mtu wa kwanza aliyelisoma aliniuliza, "Weka nini?" Nikafuta. Niliandika LIWEKE MBALI NA CHAKULA. Wa pili akasema mbali ni wapi, maana yeye chakula kiko jikoni na dumu liko chini ya kitanda, na hapo ni mbali. Watu wakajadiliana, kila mmoja na maneno yake. Mwisho tuliafikiana: USITIE CHAKULA WALA MAJI HUMU. Na kwa wasiosoma, jirani yetu wa fulana alipendekeza nichore kikombe nikikate kwa mstari. Nilichora.

Nikabaki na tatizo la shule. Katika sentensi yetu hapakuwa na kutunza, wala kuweka, wala mbali. Ya Kiingereza haikuwa na "usi" wala "humu". Na bado, kama mama angeniuliza pameandikwa nini, hiyo ndiyo ingekuwa kweli.

Shule ilipofunguliwa, kila mtu alisimama kusoma alichopata. Rafiki yangu wa "break" alikuja mikono mitupu. "Kwetu vimevunjika vyote," aliliambia darasa, "ila hakuna aliyeandika." Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Zamu yangu ilipofika niliandika ubaoni sentensi zangu zote, pamoja na ile iliyokatwa. Mwalimu alipitia Kiswahili changu: asinisogelee, tunza, endelea, kaa mbali, weka, usitie.

"Kitenzi kimoja," alisema. "Haya yote yanakutana wapi?"

Darasa likawaka. Mvulana mmoja alisema "keep" ni "kaa": kaa mbali, kaa kimya, kaa kushoto. Tukaona amepatia, mpaka msichana wa mbele akauliza kwenye boksi la vidonge nani anaambiwa akae, mgonjwa au vidonge. Nikaeleza alichosema jirani yetu, kwamba huwezi kuendelea na usichokianza. Nikasema labda neno hili linataka kitu kisibadilike. Aliye mbali abaki mbali. Kilicho kikavu kibaki kikavu. Anayetabasamu asiache.

"Jaribu kwa kila sentensi," mwalimu alisema.

Nilijaribu kwa sauti, moja moja, nikaona inakubali. Nilipofika KEEP OFF THE, yule mvulana wa "kaa" akauliza: na mtu ambaye ameshakanyaga palipokatazwa? Yeye haambiwi abaki alivyo, anaambiwa atoke. Nikamgeukia mwalimu.

"Sijui," mwalimu alisema.

Sikuwahi kumsikia mwalimu yeyote akisema neno hilo mbele ya darasa. Alilisema bila aibu, macho yanang'aa, kama mtu aliyepewa zawadi. Tulishindana mpaka kengele ikalia na ya kipindi kingine ikalia.

Nilimfuata nje nikamweleza swali la shangazi. Alisimama kivulini mwa ukuta wa ofisi akafikiri. Alisema Kiingereza cha kwenye vyombo hukiacha kitu bila kukitaja, kwa sababu mwandishi anaona kiko mkononi mwa msomaji. "Lakini huyo aliyeandika," alisema, "alikuwa anaona dumu limejaa. Hakumfikiria mtu atakayelishika limekwisha."

Nafikiri nilianza kuwa mwalimu siku ile, ingawa ilichukua miaka kufika. Niliporudi kufundisha Ruangwa, miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zilikuwa zinaingia na madukani kulikuwa na Kiingereza kila mahali. Madumu ya dawa nayo yalishaanza kuandikwa Kiswahili. Shangazi, ambaye uzeeni alijiunga na kisomo, alinionyesha moja akisoma kwa kidole, herufi kwa herufi: WEKA MBALI NA WATOTO. Akaliweka chini. "Haya," alisema, "na hawa nao, weka nini? Wamekichukua Kiswahili wakakivalisha Kiingereza." Wajukuu zake walikuwa wameshakua, wazima wa afya. Mmoja alisumbuliwa na tumbo utotoni, likaacha. Kama lilihusiana na maji ya lile dumu, hakuna aliyeweza kutuambia, nasi hatukupenda kukisia.

Darasani kwangu nagawa vitenzi kila likizo ya Juni. Mwaka mmoja kijana aliyepata "keep" alirudi na neno moja tu, akasema hakulikuta kwenye karatasi bali analo mwenyewe. Alikuwa golikipa wa timu ya shule. Alitaka kujua anatunza nini. Kama "keep" ni kutunza, alisema, na goli ni lile bao linaloingia, basi golikipa ni mtunza magoli, yaani yule anayeyakusanya wavuni kwake. Wenzake walimzomea, wakamwambia kazi hiyo kweli anaiweza, Jumamosi alikusanya ya kutosha. Nikawaambia "goal" ya Kiingereza ni bao na pia ni lile lango lenyewe. Akauliza sisi kwa nini tunasema mlinda mlango, tukaacha kutunza tukashika kulinda, na je, mlinzi wa usiku pale shuleni Waingereza wangemwita nani.

Nilimwambia akae, kisha nikamwambia asimame tena, aje mbele achukue chaki, aliandike swali lake ubaoni.